Mshale wa Spidi Ukilala: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Kabla ya Kununua Sensa

Haya ni kwa wenye magari ya zamani yanayopanda kutoka Mombo hadi Soni na kukunja kwenda Bumbuli, na kwa mafundi wanaoyafungua. Nazungumzia Corolla 110, Noah za mwanzo, Hilux zinazoshusha kabichi na viazi, na Land Rover zenye umri mkubwa kuliko madereva wake. Mshale wa spidi ukilala, neno la kwanza la fundi ni "sensa". La pili ni bei. Katikati ya maneno hayo mawili palipaswa kuwa na vipimo, na mara nyingi havipo. Sensa hufa, hakuna anayebisha. Lakini kabla ya kuihukumu kuna fyuzi, soketi, waya, pinioni na dashibodi yenyewe, na vyote hivyo vinapimika bure.

Usiseme "huku milimani haina kazi."

Ni kweli kona za Mombo hadi Soni hazimwachi mtu akimbie, na penye matope kwenye njia ya Bumbuli barabara inakupangia spidi yenyewe. Lakini gari hilohilo linashuka hadi Mombo na kuingia barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha, penye vibao vya 50 vijijini na askari wenye tochi. Tochi haiulizi kama mshale wako ni mzima. Na usijidanganye kwamba utakadiria kwa sikio: ukitoka kwenye 80 ukaingia kijijini, 50 utaiona kama gari limesimama, na hapo ndipo mtoto anavuka.

Halafu mshale si wa macho yako peke yake. Kwenye gari la sensa, taarifa ileile ya spidi inakwenda kwenye kompyuta ya injini, na gari la otomatiki linaitumia kuamua libadili gia lini. Ikikatika, gia zinaweza kuingia kwa kishindo au kuchelewa, na injini inaweza kuyumba au kuzima unaposimama. Odomita nayo inalala. Kibandiko ulichobandika ukimwaga oili, kinachosema urudi baada ya kilomita 5,000, hakina maana tena, kwa sababu kilomita hizo hazitafika kamwe.

Jua kwanza gari lako lina waya wa kuzunguka au lina sensa.

Wengi wamenunua sensa za magari yasiyo na sensa. Angalia kwenye gia boksi. Kama kuna waya mnene mweusi, wa duara, unaotoka hapo na kupenya ukuta wa kabini hadi nyuma ya dashibodi, hiyo ni spidomita ya waya. Land Rover 109 iko hivyo, na waya wake unatoka kwenye gia boksi ndogo ya nyuma. Hilux na Corolla nyingi za miaka ya 1980 nazo ziko hivyo. Ukiona soketi ndogo yenye nyaya tatu, hiyo ni sensa.

Wenye waya, kazi yenu ni fupi. Fungua ncha ya chini, zungusha ule waya wa ndani kwa vidole: juu pia uzunguke. Usipozunguka, umekatika. Ukizunguka kwa kukwama, au mshale ukicheza huku dashibodi ikilia, umekauka au umepindishwa kupita kiasi. Uvute nje, ufute, upake grisi kidogo sana, na uache sentimita 15 za juu bila grisi. Grisi ikipanda inaingia ndani ya spidomita na kuinatisha, na hapo umegeuza ubovu mmoja kuwa miwili.

Wenye magari mapya zaidi ambayo spidi yake inatoka kwenye sensa za breki za magurudumu, haya siyo yenu.

Tazama kabla ya kushika spana.

Dakika tano za kutazama zinaokoa nusu siku ya kufungua. Mshale umelala kabisa, au unaamka na kulala ukipita kwenye mashimo? Wa kuamka na kulala ni waya au soketi inayocheza. Odomita inahesabu? Kama kilomita zinasonga na mshale umelala, sensa ni nzima, acha kuisumbua: ubovu uko ndani ya dashibodi. Kama vyote viwili vimelala pamoja, rudi chini. Mshale wa mafuta na wa joto nao vipi? Kwenye Toyota nyingi za umri huu kuna fyuzi imeandikwa GAUGE, ya ampea 10, inayolisha mishale yote na mara nyingi taa za kurudi nyuma pia. Ikiungua, kila kitu kinalala kwa pamoja. Nimeona dashibodi nzima imeshushwa na kuwekwa kwenye kiti kwa sababu ya fyuzi hiyo.

Na uliza swali ambalo mafundi wengi wanaona aibu kuuliza: kabla ya hili kutokea, gari lilifanyiwa nini? Liliteremshwa gia boksi? Liliogeshwa chini kwa mashine ya presha? Lilifungwa redio?

Usimsahau aliyefunga redio.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni kosa linalojirudia na hakuna anayelitaja. Magari mengi ya mtumba yanakuja kutoka Japani na redio yenye ramani, inayozungumza Kijapani na kuonyesha mitaa ambayo hatutaiona. Redio ile ilihitaji kujua gari linakwenda kasi gani, kwa hiyo imeunganishwa waya mmoja uliochepushwa kutoka kwenye waya wa mawimbi ya spidi. Gari linafika hapa, mwenyewe anataka redio ya fleshi. Kijana anaing'oa ile ya Kijapani, anakata nyaya, zile anazozijua anaziunga, asizozijua anaziacha wazi nyuma ya dashibodi.

Huo mmoja uliobaki wazi ukigusa bodi ya gari, mawimbi yote ya spidi yanaishia kwenye bodi. Sensa inafanya kazi yake kule chini, lakini hakuna kinachofika. Mshale unalala na taa ya injini inaweza kuwaka. Ukinunua sensa mpya, nayo itazimwa na waya uleule. Mbaya zaidi ni pale unapogusa mara moja moja, gari likitikisika: hapo ndipo watu wanabadilisha sensa mbili tatu wakiamini zote zilikuwa feki.

Kwa hiyo: kama gari limewahi kufungwa redio au alamu, ng'oa redio kwanza. Kila waya ulioachwa wazi, ufunge mmoja mmoja kwa tepu ya umeme. Usizifunge zote kwenye fundo moja.

Fungua soketi ya sensa uitazame, usiiguseguse tu.

Kwenye Corolla iko nyuma ya gia boksi, karibu na ukuta wa kabini. Kwenye Noah SR40 na Hilux iko kule nyuma gia boksi inapopokea shafti. Hapo ndipo matope ya masika yanapopiga. Pini zikiwa na kutu ya kijani, safisha kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme na mswaki mkavu. Ukikuta oili ndani ya soketi, sili ya sensa imechoka na gia boksi linavuja kupitia hapo. Badilisha sili sasa, usingoje. Tazama pia kama panya amepita. Gari linalolala karibu na ghala la mahindi halikosi mgeni.

Usisafishe kwa petroli huku betri imeunganishwa.

Usifunge soketi kwa mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, ila chini ya magari bado naikuta, imefungwa kwa mpira wa baiskeli na imejaa maji. Haizuii maji kuingia, inayazuia kutoka.

Pima umeme kwa multimita, si kwa taa ya balbu.

Taa ya kupimia inavuta umeme mwingi. Kwenye waya wa taa za mbele haina shida. Kwenye waya wa mawimbi unaokwenda kwenye kompyuta ni hatari. Kama huna multimita, azima. Fundi asiye nayo na anayesema hana haja nayo, mpe gari akuzibie pancha.

Weka multimita kwenye volti za betri. Fungua swichi bila kuwasha injini. Soketi ikiwa imechomolewa, mguu mweusi uwe kwenye hasi ya betri, mwekundu ukipita waya hadi waya. Waya mmoja lazima uwe na umeme unaolingana na wa betri, takriban volti 12. Usipoupata, rudi kwenye fyuzi. Kisha hamisha: mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye waya wa hasi wa soketi. Hapo pia upate 12. Ukipata 9 au 10, hasi ni mbovu, na hasi mbovu inaua mshale sawasawa na sensa mbovu. Waya wa tatu ndio wa mawimbi. Kwenye magari mengi dashibodi yenyewe inausukumia volti chache, mara nyingi 5. Ukizikuta, waya ni mzima kutoka chini hadi juu. Ukikuta sifuri, waya umekatika au umegusa bodi, na umesharudi kwa kijana wa redio.

Sensa yenye nyaya mbili tu ni ya sumaku na inazalisha umeme wake yenyewe, kwa hiyo hutakuta volti 12 hapo. Hiyo ipime ikiwa inazungushwa, na multimita iwe kwenye volti za umeme wa nyumbani.

Usitoboe ganda la waya kwa sindano ya multimita. Tundu hilo litakunywa ukungu wa Usambara, na baada ya mvua mbili shaba ndani imekuwa kijani. Pitisha pini ya kushonea nyuma ya soketi, kwenye mpira wake.

Zungusha tairi kwa mkono, na usifanye hivyo kwenye mteremko.

Hiki ndicho kipimo kinachotoa hukumu, na ndicho kinachoweza kukuua. Bumbuli sehemu tambarare ni chache, na watu wanapiga jeki kwenye mwinamo kwa mazoea. Tafuta uwanja. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini. Gia iwe huru. La otomatiki liwe kwenye N.

Corolla inavuta kwa mbele, kwa hiyo handbreki inabana matairi ya nyuma na wewe unainua la mbele. Hapo uko salama kiasi. Noah SR40 na Hilux zinavuta kwa nyuma: tairi unalotaka kulizungusha ndilo handbreki inalolibana. Ukiiachia, kinacholishika gari ni mawe peke yake. Hilux yenye gia ya matairi manne iwe kwenye 2H. Weka stendi au gogo gumu chini ya chasi, na mtu yeyote asiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu. Hata kwa sekunde moja. Hata fundi mkuu.

Sasa rudisha soketi, pini yako ikiwa kwenye waya wa mawimbi. Fungua swichi, injini isiwake. Msaidizi azungushe tairi polepole, polepole kweli, kwa sababu multimita ya kidijitali ni nzito kusoma. Volti zinapaswa kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kutoka karibu na sifuri hadi 5 kwa gari moja, hadi 12 kwa jingine. Zikipanda na kushuka, sensa iko hai, iache. Zikikaa palepale huku umeme na hasi ulivikuta vizuri, ndipo una haki ya kuing'oa.

Usizungushe tairi kwa kuwasha injini na kuingiza gia gari likiwa kwenye jeki. Najua mnafanya. Acheni.

Ukiing'oa sensa, tazama pinioni kwanza.

Sensa nyingi za umri huu hazisomi chochote zenyewe. Zinazungushwa na pinioni ndogo ya plastiki iliyoshikana na gia ya ndani ya gia boksi. Plastiki ya miaka 25 iliyokaa kwenye oili ya moto inakauka na kukatika. Nimeshika moja mkononi ambayo meno ya upande mmoja yalikuwa yameliwa kama gunzi la mahindi, upande wa pili yako mapya. Mshale wake ulikuwa unaruka na kuanguka, unaruka na kuanguka, na mwenyewe alikuwa ameshauziwa dashibodi nzima.

Pinioni ikiwa nzima, irudishie sensa soketi ikiwa bado nje, fungua swichi, uizungushe kwa drili. Ishike kwa kipande cha mpira, usiibane kwa meno ya chuma. Magari ya Kijapani ya kizazi hiki yanafuata kipimo kimoja: mizunguko 637 kwa dakika ni kilomita 60 kwa saa. Sensa nyingi za Toyota zinatoa mapigo 4 kwa kila mzunguko, yaani mapigo 2,548 kwa kilomita. Kwa hiyo drili ya mizunguko 400 kwa dakika inapaswa kuupeleka mshale karibu na 38. Ukifika hapo, sensa, waya na dashibodi vyote ni vizima, na tatizo ni gia ya ndani. Ukilala, na multimita inaonyesha mapigo yanatoka, panda kwenye dashibodi ukatafute risasi iliyopasuka nyuma ya spidomita.

Usisome kodi ukadhani umesoma hukumu.

Kwenye Toyota za kabla ya mashine za kisasa, kuna kiboksi karibu na injini kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya na kufungua swichi, taa ya injini inahesabu: nne, kituo, mbili. Hiyo ni 42. Kwenye magari yanayosomwa na mashine utaona P0500. Zote mbili zinasema jambo moja tu: kompyuta haikupata taarifa ya spidi. Hazisemi kwa nini. Na kwenye Toyota nyingi za wakati huo mawimbi ya sensa yanapita kwanza dashibodini, yananyooshwa pale, ndipo yapelekwe kwenye kompyuta. Dashibodi mbovu inaweza kutoa 42 huku sensa ikiwa haina kosa lolote. Fundi anayekuonyesha kioo cha mashine kama ushahidi, mwambie: "Sawa fundi, kodi nimeiona. Sasa nionyeshe volti."

Na kama huzijui TE1 na E1, usichokonoe tundu lolote la kiboksi hicho. Kuna tundu lenye umeme wa betri humo.

Ukinunua, nenda na ya zamani mkononi.

Iwe dukani Korogwe, Tanga au Ilala, usinunue kwa jina la gari. Linganisha nyaya, umbo la soketi, urefu wa shina, na hesabu meno ya pinioni. Namba nyingi za sensa za Toyota za kizazi hiki huanza na 83181. Zinazofuata ndizo zinazotofautisha. Meno yakizidi au kupungua hata moja, mshale utaamka na utakudanganya kila siku. Ya mtumba ikubali tu ikiwa shina linazunguka laini bila kucheza.

Usimlaumu fundi kwa kosa la matairi.

Tairi la 175/65R14 lina kipenyo cha milimita 583. Ukifunga 185/70R14 ili gari liinuke kwenye makorongo, una milimita 615. Mshale utasoma 50 huku unakwenda karibu 53. Hilo halina dawa kwenye sensa.

Kuhakiki, tumia simu yenye programu ya spidi, ishikwe na abiria, kwenye barabara iliyonyooka huku chini. Kwenye kona za Soni simu itakudanganya. Usihangaike mshale ukizidi kidogo: kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu usome zaidi kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake, lakini hairuhusu kamwe usome pungufu. Simu ikisema 50 na mshale 55, uko sawa. Mshale ukisema 45, rudi gereji.

Usiuze gari lenye odomita iliyolala bila kusema.

Mnunuzi anasoma kilomita 143,000 na kufurahi, kumbe namba hiyo imesimama tangu misimu mitatu ya vuli iliyopita. Huo ni wizi, hata kama hukugusa kitu. Iandikwe kwenye karatasi ya mauziano: odomita haihesabu, na haihesabu tangu lini. Wewe mnunuzi, kabla ya kutoa pesa, endesha gari hata kilomita mbili huku ukitazama namba ya mwisho. Isiposogea, na muuzaji akikataa kuandika, mrudishie ufunguo.